Posho ya bomboni: Noël na Bonane bila watoto kushika mashavu

Sisi tunaofundisha watoto wadogo tunalijua vizuri juma la kwanza la masomo baada ya Bonane. Watoto wanaingia darasani na viatu vipya, wanasimulia nani alifika kutoka Likasi, nani alichinja kuku, nani alipata mdoli anayefunga macho. Siku ya pili au ya tatu, mmoja analaza kichwa juu ya meza. Tunamuuliza ana nini. Hajibu, anaonyesha shavu tu.

Mwaka uliopita, katika darasa moja la mwaka wa pili, tulihesabu watoto wanne walioshika mashavu ndani ya juma moja. Mmoja wao, mtoto mwanamke wa miaka saba, alikosa masomo siku sita. Aliporudi jino lilikuwa limeng'olewa, na lile jino halikuwa la utoto. Lilikuwa gego la ukubwa, ambalo halitaota tena.

Mama yake alikuja kuongea nasi kwenye mlango wa darasa. Huyu si mama wa kuacha watoto ovyo, tunamjua. Anauza unga sokoni, anaamka saa kumi za usiku. Alituambia: "Mwalimu, miye nilizani ni jino ya maziwa. Nilisema itaanguka yenyewe." Ili kumlipa munganga wa meno alichukua pesa ya likelemba, ambayo alikuwa ameiweka kwa kuongeza mtaji wa unga. Kwa hiyo bomboni za Desemba zilimla jino mtoto, na mama zikamla mtaji.

Ndiyo maana tunaandika mapema, kabla magunia ya bomboni hayajafunguliwa kwenye soko la Kenya na kwenye soko la Mzee Kabila. Hatuandiki ili kuwanyima watoto sikukuu. Mtoto wa Lubumbashi anaingoja Noël tangu masomo yanapofunguliwa Septemba, na bomboni ni kitu ambacho hata mama mwenye mfuko mwepesi anaweza kununua kwa mkono mmoja, akampa mtoto wake naye ajisikie mtu kati ya wenzake. Mama akisikia mwingine anahubiri "msiwape watoto sukari", anajiuliza kimoyomoyo: basi niwape nini, mimi nisiye na kuku? Swali hilo ni la haki. Kwa hiyo tulianza na kuhesabu, tukaacha kukataza.

Mmoja wa wamama wa kikundi chetu, mwenye mtoto wa miaka minane, alikubali kuandika kwenye daftari kila kitu kitamu ambacho mtoto huyo alitia kinywani siku ya Bonane, kutoka asubuhi mpaka kulala. Aliandika na saa. Kisha tukakaa pamoja na kijiko cha chai, tukageuza yote kuwa vijiko. Kijiko kimoja cha chai ni karibu gramu 4 za sukari.

Asubuhi: chai, vijiko vitatu, pamoja na vitumbula ambavyo tulivikadiria vijiko viwili. Saa sita: chupa moja ya sukre, ile ya mililita 300. Soda nyingi zina gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100 (yeyote anaweza kusoma kwenye karatasi ya chupa), kwa hiyo chupa ile ni vijiko vinane. Mchana kwa jirani: kipande cha gato, vijiko vinne, na chupa nyingine ya sukre, nane tena. Jioni: chai, vijiko vitatu. Katikati ya hayo yote, bomboni nane, moja hapa, moja pale, moja njiani, moja akicheza. Bomboni ngumu ni sukari karibu yote, tukaihesabu kijiko kimoja kimoja.

Jumla: vijiko 36.

Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, lilitoa shauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote ambazo mtu anapata kwa chakula cha siku. Kwa mtoto wa umri huo hiyo ni karibu vijiko tisa. Mtoto wetu alikula ya siku nne kwa siku moja. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, kwa sababu kila mama alikuwa anamfikiria wa kwake.

Lakini lililotushangaza si 36 yenyewe. Tulipotenga vinywaji upande mmoja, chai na sukre, tulipata vijiko 22. Bomboni, ambazo ndizo tulizokuwa tunazipigia kelele, zilikuwa nane tu. Yaani tulikuwa tunamfukuza panya huku mbuzi anakula ndani ya nyumba.

Kisha mama mmoja aliyekuwa kimya, mshonaji, akauliza: "Na mara ngapi?" Tukarudi kwenye saa zilizoandikwa. Mtoto alitia utamu kinywani mara 12 siku ile. Chai ya asubuhi mara moja, sukre ya saa sita mara moja, kwa jirani mara moja, chai ya jioni mara moja. Nane zilizobaki zote ni bomboni. Hapo tukaelewa kwamba tuna mambo mawili tofauti. Chupa zinaleta wingi wa sukari. Bomboni zinaleta saa nyingi za sukari. Na kwa jino, saa ndizo mbaya zaidi.

Tueleze hili vizuri kidogo, kwa sababu watoto wanatuuliza darasani na wengi wetu tulijifunza tu kwamba "bomboni zinaleta minyoo ya meno". Hakuna mnyoo. Kuna vijidudu ambavyo vinaishi juu ya meno ya kila mtu. Vikipata sukari vinaila na kutoa asidi, na asidi hiyo inalainisha ngozi ngumu ya jino. Baada ya hapo mate yanafanya kazi ya kuosha na kurudisha ugumu, lakini yanahitaji muda, nusu saa au zaidi. Mtoto akila bomboni tano kwa mara moja, jino linashambuliwa mara moja na kupumzika. Akila zile zile tano kutoka asubuhi mpaka jioni, jino linashambuliwa mara tano, na kila likitaka kupona linapigwa tena. Mara 12 za mtoto wetu, kwa nusu saa kila moja, ni saa sita za asidi.

Jambo hili lilijulikana kwa njia ya huzuni. Miaka ya 1940, huko Uswidi, katika mji wa Lund, kulikuwa na nyumba kubwa ya Vipeholm ambako waliwekwa watu wenye ulemavu wa akili. Waganga walitaka kujua kama kweli sukari ndiyo inatoboa meno. Wagonjwa wengine walipewa sukari pamoja na chakula, wengine walipewa bomboni za kunata katikati ya milo. Waliopata sukari wakati wa kula tu hawakuharibika meno sana. Wale wa bomboni za kila saa waliharibika vibaya. Watu hao hawakuulizwa kama wanakubali, na leo Waswidi wenyewe wanalihesabu jambo hilo kuwa aibu. Matokeo yalitangazwa mwaka 1954, na kutoka hapo wakuu wa afya wa nchi hiyo waliwashauri wazazi: bomboni ziliwe siku moja tu ya juma. Mpaka leo watoto wengi wa Uswidi wanangoja bomboni za siku ya mposho, na siku hiyo wanakula kwa furaha wala hawanung'uniki siku nyingine.

Siku ya mposho! Tuliposoma hilo tulicheka, kwa sababu jina lenyewe ni letu. Wazee wetu waliokuwa kwenye makampi ya Union Minière, na baadaye Gécamines, walipokea posho: unga uliopimwa, kwa siku iliyojulikana. Posho hiyo ilishika maisha yetu hata tukaita juma lenyewe "posho". Mama wa kampi alikuwa anajua: unga umeingia, mpaka posho ingine hakuna mwingine. Aliupima, akaufunga, akaupika kwa hesabu. Hakuna aliyesema mama huyo anawanyima watoto.

Basi tukajiambia: kwa nini bomboni zisiwe na posho?

Tulivyofanya ni hivi. Bomboni zote ambazo zinaingia nyumbani, za kununuliwa, za kupewa na mjomba, za kukusanya siku ya Bonane, zinaingia katika kopo moja lenye kifuniko. Kila mtoto anajua saa: baada ya chakula cha mchana. Anapata posho yake, tatu au nne, anazila zote hapo hapo akiwa ameketi, kisha anakunywa maji kikombe kizima. Kopo linafungwa mpaka kesho. Hatupimi kwa kumuadhibu; mtoto aliyepiga mwenzake anaadhibiwa kwa njia ingine, kwa sababu bomboni ikigeuka kuwa mshahara wa tabia njema, inazidi kuwa tamu kichwani kuliko mdomoni.

Kuketi ni lazima pia kwa sababu ingine. Bomboni ngumu ya mviringo katika kinywa cha mtoto anayekimbia inaweza kuziba koo. Watoto walio chini ya miaka minne wasipewe kabisa bomboni ngumu, na wasipewe kalanga nzima. Wadogo hao wapewe ndizi au embe lililokatwa. Hawajui bado kwamba wamenyimwa.

Siku ya kwanza ya kopo ilikuwa ngumu, si kwa watoto. Ilikuwa ngumu kwa wazee. Katika nyumba moja ya Katuba, kambo, yaani nyanya wa watoto, alikuja na mfuko mzima wa bomboni amefunga kwenye kitenge, kama afanyavyo kila mwaka. Mkwe wake akamwambia kwa heshima kwamba sasa kuna kopo. Kambo akaketi, akafungua kitenge, akakifunga tena. Akasema: "Munanikataza kupa bajukulu bangu bomboni? Basi miye ni kambo ya nini?"

Mkwe alitufikia usiku ule akiwa na machozi. Tulikosea sisi, si yeye. Tuliweka sheria kati yetu vijana, hatukuenda kwa wazee. Kesho yake wawili kati yetu tulikwenda kumuona kambo, tukapiga magoti kama inavyotakiwa, tukamweleza habari ya yule mtoto wa gego. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kopo liko wapi. Akaliweka chini ya kiti chake. Tangu siku ile kambo ndiye mwenye kopo, ndiye anayetoa posho, na tunawahakikishia kwamba hakuna mtoto anayeweza kumdanganya kwa hesabu. Yeye aliyaishi maisha ya kampi. Anajua posho ni nini.

Kwa hiyo, wamama, kama nyumbani kuna kambo, msianze bila yeye.

Bonane yenyewe ina shida yake, kwa kuwa watoto wanazunguka parsele kwa parsele wakisalimia, na hakuna atakayewarudisha mikono mitupu. Hatuwezi kukataza kutembea. Ni desturi nzuri, inafundisha mtoto kusalimu wakubwa. Sisi tulipatana na majirani wa avenyi yetu mambo mawili tu. Anayependa kutoa bomboni atoe iliyofungwa katika karatasi yake, ili mtoto aweze kuirudisha nyumbani kwenye kopo. Na anayeweza atoe kitu kingine. Mwezi wa Desemba na Januari Mungu ametujalia mvua: maembe yanaanguka, masuku yanauzwa pembeni ya barabara. Jirani mmoja alitoa masuku, saba kwa kila mtoto, na foleni ya parsele yake ilikuwa ndefu kuliko ya wengine wote. Mwingine alitoa kalamu za risasi. Watoto hawakumshangilia sana, tuseme ukweli, lakini kalamu hizo tuliziona darasani mpaka Pasaka.

Sasa tuje kwenye chupa, ambazo ndizo mbuzi wetu.

Sukre kwetu si kinywaji tu, ni kiti. Mgeni akifika akapewa maji matupu, anaweza kuondoka akisema pale hawakunipokea. Kwenye mahari, kwenye ubatizo, kwenye kilio hata, kreti za chupa ndizo zinaonyesha kwamba watu walijipanga. Kwa hiyo mama anayesema "mwaka huu hakuna sukre" anahatarisha jina la nyumba, na tunajua ni nani atakayelaumiwa: mwenyewe, si mume wake. Hatukutaka kumpeleka mama yeyote vitani peke yake. Tukaanza na watoto. Chupa moja kwa watoto wawili, katika glasi, pamoja na chakula, mara moja kwa siku ya sikukuu. Mtoto hahesabu mililita. Anahesabu kama glasi yake imelingana na ya ndugu yake. Glasi ndogo iliyojaa ni bora kuliko kubwa iliyofika nusu.

Kwa wageni wakubwa tuliweka mitungi miwili mezani kabla ya chupa, mmoja wa bissap baridi, mmoja wa maji yenye vipande vya limau. Glasi safi, sahani chini yake, na mtoto mkubwa anayezunguka na kitambaa mkononi. Wengi walianza na bissap, wakatulia, na chupa zilizobaki jioni zilirudishwa kwa muuzaji. Mzee mmoja mwenye diabete alituambia kwa sauti ya chini kwamba ilikuwa sikukuu ya kwanza, tangu apate ugonjwa, ambapo hakulazimika kueleza kwa nini hanywi. Watu wenye ugonjwa huo ni wengi katika familia zetu kuliko tunavyokubali, na kwenye sikukuu wanakunywa sukre kwa sababu ya haya.

Bissap chemsheni maua kwa maji, acheni yapoe, chujeni. Kwa lita mbili tulizoea kutia glasi nzima ya sukari. Tumeshuka mpaka vijiko vinane vya chai, na tangawizi iliyotwangwa inasaidia ulimi usitafute utamu. Msishuke kwa mara moja; punguzeni kidogo kila juma kuanzia Novemba, hata chai vilevile, na Desemba ikifika nyumba nzima itakuwa imezoea bila mkutano. Mama wa daftari alifanya hivyo na chai: kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, kwa majuma sita. Mume wake aligundua katika juma la tano.

Munkoyo nayo ni ya kwetu na hakuna sikukuu ya Katanga bila munkoyo. Utamu wake wa siku ya kwanza unatoka katika unga wa mahindi wenyewe, kwa sababu mizizi ya munkoyo inageuza uji kuwa mtamu. Wengine siku hizi wanaongeza sukari ili uharakishe na upendeze wateja. Kama mnanunua, ulizeni. Kama mnapika wenyewe, uacheni ufanye kazi yake. Lakini msiseme munkoyo ni maji. Mtoto akinywa kutwa nzima, ni yale yale ya saa nyingi. Na jus ya embe, hata bila sukari ya kuongeza, ni tamu kuliko embe lenyewe, kwa maana mtoto anakunywa maembe matatu ambayo hangeweza kuyala. Mpeni embe alitafune, uso wote uwe wa manjano.

Jambo moja la kufunga mkanda: mvua hizi ndizo pia za kolera. Maji ya jus, ya bissap, ya barafu, yachemshwe au yatiwe dawa. Hatutaki kumponya mtoto jino tukampoteza kwa tumbo.

Kuna wamama wanaotuonyesha mfuko wa sukari na kusema: angalia, imeandikwa vitamini A. Ni kweli. Sukari nyingi tunayokula hapa inapita Kasumbalesa kutoka Zambia, na Zambia tangu mwaka 1998 inatia vitamini A katika sukari ya nyumbani ili kulinda macho ya watoto. Ni jambo jema. Lakini mtoto anayekula lenga-lenga, sombe na embe amekwisha kuipata, bila kulipia jino.

Na kuhusu chakula: kisikawie. Hii ndiyo siri kubwa ya sikukuu, na haina gharama. Siku ya Noël mama anaanza kupika saa mbili, nyama inaiva saa tisa, na katikati watoto wenye njaa wanashibishwa na biskuti na sukre. Mtoto mwenye njaa hana kipimo. Tulijaribu kuwapa watoto bukari na maharagwe, au wali na kapenta, saa tano, kabla ya sikukuu yenyewe, katika mavazi ya nyumbani ili nguo mpya zisichafuke. Waliposhiba walikwenda kucheza, na bomboni zikangoja.

Wengine watatuambia kwamba sukari ndiyo inawatia watoto wazimu siku ile. Hata sisi walimu tulikuwa tunasema hivyo. Waganga huko Marekani walijaribu mara nyingi, watoto wakipewa sukari au kitamu kisicho sukari bila mtu kujua, na muhtasari wa majaribio hayo uliotolewa mwaka 1995 haukuona tofauti katika tabia. Kinachowakimbiza ni sikukuu: binamu kumi, muziki, nguo mpya na kukosa usingizi. Hapo kopo haliwezi kusaidia.

Turudi kwa mtoto wa gego, kwa sababu wamama wengi hawajui hili. Kwenye miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno yote ya utoto, linaota gego jipya, kila upande, juu na chini. Haling'oi jino lolote ili lipite, kwa hiyo mama haoni kitu kuanguka, anadhani ni la utoto. Ni la maisha yote. Fungueni vinywa vya watoto wenu wa miaka sita na saba, mbele ya dirisha, mhesabu meno kutoka mbele kwenda nyuma: la sita kila upande ndilo hilo. Lina mashimo madogo juu yake ambamo bomboni za kunata zinakaa. Mkiona doa jeupe kama chaki, au la rangi ya kahawa, nendeni kwa munganga wa meno kabla halijauma. Kuziba tundu dogo hakugharimu kama kung'oa. Na jino la utoto pia lisidharauliwe, linashika nafasi ya mwenzake, na likioza linaweza kuvimbisha uso mzima.

Usiku, kabla ya kulala, mswaki na dawa yenye fluori, kiasi cha mbegu ya haragwe dogo. Mpaka miaka saba au minane mtoto asiachiwe peke yake, mkono wake bado haufiki nyuma. Siku ya sikukuu watoto wanalala juu ya mikeka bila kuoga, tunajua. Waamsheni.

Mama wa daftari aliandika tena, Bonane iliyofuata. Chai kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, vitumbula viwili, nusu ya chupa pamoja na chakula, posho ya bomboni nne, na gato kwa jirani ambalo hakuweza kulikataa wala hatukumtaka alikatae. Vijiko 16, na mara nne tu badala ya 12. Bado inazidi tisa. Ilikuwa Bonane.

Mwaka huu sikukuu ya watoto ya kikundi itakuwa tarehe 26 Desemba, katika parsele ya mama mshonaji. Kila mama alete bakuli la chakula kilichopikwa tayari, na glasi ndogo kwa hesabu ya watoto wake. Bissap tutaipika pamoja siku iliyotangulia, anayekuwa na sufuria kubwa ajulishe. Bomboni zisigawiwe mlangoni. Zipelekwe kwa kambo, ambaye amekwisha kutuma ujumbe kwamba kopo la mwaka uliopita lilikuwa dogo, na kwamba anataka lenye kufuli.